Nili Kidogo Kwenye Theluji

Sebuleni kwetu Tanga, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na picha ya theluji. Asili yake ni ukurasa wa kalenda. Baba alikuwa karani wa bandari, na kalenda ile alipewa na wakala wa meli, au na baharia, au aliiokota ofisini. Kila alipoulizwa alikuwa na jibu jipya. Mwaka ulipoisha alikata sehemu ya tarehe, akaipeleka picha kwa fundi fremu wa Ngamiani, ikarudi na kioo na fremu ya mbao iliyopakwa dhahabu. Ilikuwa picha ya kichochoro kati ya kuta mbili, miti imeelemewa, paa limefunikwa, na katikati mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi anatembea peke yake. Sisi watoto tulimwita Bi Baridi. Ukilala bila kunawa miguu, Bi Baridi atakujia.

Picha ilitazamana na dirisha la mashariki. Kila asubuhi jua liliipiga hadi kama saa tano hivi, na kila mwaka ikazidi kuwa bluu. Kuta zikawa bluu, miti bluu, hata uso wa Bi Baridi, ambao kwa kweli haukuwahi kuonekana vizuri. Nikaanza shule nikiwa na hakika kwamba theluji ni bluu. Mwalimu alipotufundisha tashbihi na kusema "nyeupe kama theluji", nilimwonea huruma. Nikamwona ni mtu ambaye kwao hakuna picha ukutani.

Sababu niliijua baadaye sana. Picha za kalenda huchapwa kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta (nyekundu ya kuelekea zambarau), njano na nyeusi. Jua haliziungui kwa usawa. Njano na majenta hufa mapema, samawati hubaki ikishikilia kila kitu peke yake. Tazama mabango ya zamani ya saluni au picha za vyakula nje ya migahawa: nywele bluu, kuku bluu, chipsi bluu. Theluji yetu nayo ilikuwa imekumbwa na hayo hayo, basi.

Sikushangaa kwamba nyumbani hakuna aliyenisahihisha. Nani angejua? Hata maneno yenyewe tumeazima. Theluji tumelipata kwa Waarabu. Barafu tumelipata kwa Waajemi, na kwao ndiyo hiyo hiyo inayodondoka kutoka mawinguni. Sisi wa pwani hatukuwa na kinachodondoka, tukalipa neno kazi nyingine, ya ukwaju na ubuyu kwenye vifuko vya plastiki. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wake wa njia ile ni nini. Akajibiwa: baridi. Jibu zuri kabisa kwa maoni yangu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji, na huko London msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye Afrika hakuwahi kuikanyaga, akakataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Alikuwa ameshaamua theluji ni kitu cha wapi.

Mimi niliikuta Grenoble, Ufaransa, nilikokwenda kusoma miaka miwili. Ilianguka usiku, na asubuhi nikakimbilia dirishani kama mtoto wa sikukuu. Mbingu ilikuwa ya kijivu, mwanga wa kijivu, na theluji nayo nyeupe ya kuchosha. Kufika saa nne magari yalikuwa yameikoroga na chumvi ya barabarani ikawa uji wa ulezi uliomwagika. Nikampigia mama simu. "Ni bluu?" akauliza. Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu fulani si ndugu wa damu.

Siku chache baadaye anga likafunguka. Wenzangu wakanipeleka juu milimani kwa basi, na nilipokanyaga chini nikaona kivuli changu. Kilikuwa bluu. Si bluu ya kubembeleza jicho, bluu hasa, na kivuli cha uzio na cha kila mti vilikuwa hivyo hivyo. Nilisimama pale hadi vidole vya miguu vikakata mawasiliano. Maelezo yake si marefu. Penye jua, theluji hupokea mwanga wa jua, wenye umanjano kidogo. Kwenye kivuli jua limezuiwa, lakini mbingu haijazuiwa. Kinachofika pale ni mwanga wa anga, na theluji, kwa kuwa haina rangi ya kwake, inaurudisha kama ulivyokuja. Neno letu la samawati linatokana na neno la Kiarabu la mbingu. Maana yake kivuli cha theluji ni samawati kwa herufi zake zote. Sijui kama kuna lugha nyingine inayolitoa jibu mapema namna hiyo.

Mwezi wa pili nikaenda Paris, Musée d'Orsay, ile stesheni ya treni ya mwaka 1900 iliyogeuzwa makumbusho. Sikuwa nimekwenda kutafuta chochote. Nikazunguka kona moja na kumkuta Bi Baridi.

Anaitwa, kwa jina la picha, "Neige à Louveciennes", theluji kijijini Louveciennes, ya mchoraji Alfred Sisley, 1878. Ni ndogo, sentimita 61 kwa 50 na kitu. Kichochoro kile kile, kuta zile zile, mwanamke yule yule bado hajafika aendako. Nilitaka kumshika mtu mkono nimwambie, huyu ni wa kwetu. Lakini picha haikuwa bluu. Ilikuwa na kijivu cha majivu, na waridi kidogo, na uzito wa anga ambalo bado halijamaliza kumwaga. Nzuri, tena nzuri mno, ila nilisikia kama nimekutana na shangazi aliyekuwa ananiandikia barua miaka yote na kugundua kwamba sauti yake si ile niliyokuwa naisikia nikisoma.

Theluji ya nyumbani ilikuwa kwenye picha nyingine, "La Pie" ya Claude Monet. Hii ni kubwa, sentimita 89 kwa 130, na ukiingia chumbani inakugeuza shingo. Uzio wa fito umekatiza katikati, umebeba theluji. Upande wa kushoto kuna kigeti, na juu ya kigeti ametua ndege mmoja mweusi na mweupe, ndiye pie wa jina la picha. Jua liko nyuma ya uzio, kwa hiyo vivuli vinatujia sisi watazamaji, na vivuli hivyo ni bluu. Ni ile bluu ya sebuleni kwetu. Monet aliifikia kwa macho, kalenda yetu ilifikia pale pale kwa kuungua.

Aliichora msimu wa baridi wa 1868 kuingia 1869, karibu na Étretat, pwani ya Normandie, akiwa na miaka 28, pamoja na mwenzi wake Camille na mtoto wao Jean aliyekuwa bado mdogo sana. Mfukoni hamkuwa na kitu. Tajiri mmoja wa Le Havre, Gaudibert, ndiye aliyekuwa akimsaidia. Kuhusu namna alivyofanya kazi tuna ushahidi wa mwandishi Léon Billot, katika gazeti la Le Havre la 1868, aliyemkuta nje kwenye baridi ya kupasua mawe: kwanza aliona jiko dogo la kupashia miguu, halafu kiegemeo cha kuchorea, halafu mtu ndani ya makoti matatu, glavu mikononi, uso umeganda nusu. Ndiye Monet, anachunguza theluji. Mtu anayekaa hivyo saa nzima hawezi kudanganywa na msemo wa darasani. Salon ya 1869, maonyesho makubwa ya serikali, iliikataa picha hiyo. Siwezi kuacha kumfikiria Cooley. Wale waamuzi nao walikuwa na theluji yao tayari.

Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni mchoraji mwingine, Camille Pissarro, kwa sababu hakuzaliwa kwenye baridi kabisa. Alizaliwa 1830 katika mji wa bandari wa Charlotte Amalie, kisiwa cha St Thomas, Karibi, enzi hizo koloni la Denmark. Alipelekwa shule karibu na Paris akiwa na miaka 12, akarudishwa kisiwani, akawekwa kwenye biashara ya baba yake kama karani wa mizigo bandarini. Karani wa bandari! Mchana anahesabu shehena, pembeni ya daftari anachora wapagazi na mashua. Mwaka 1852 aliondoka na mchoraji Fritz Melbye kwenda Venezuela, na 1855 akahamia Ufaransa kwa kudumu. Mtoto wa minazi huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa theluji na jalidi, ule umande unaoganda. Nadhani ilimsaidia. Aliyezaliwa nayo huitazama mara moja na kuvaa buti.

Picha yake ninayoipenda ni "Gelée blanche" ya 1873, nayo iko Orsay. Si theluji hasa, ni jalidi ya asubuhi juu ya mashamba ya karibu na Pontoise. Mzee amejitwisha mzigo wa kuni mgongoni, fimbo mkononi, anapanda njia. Mama yangu angempa salamu. Na ardhini, kukatiza matuta, vimelala vivuli virefu vya miti ambayo haimo pichani. Miti iko mahali fulani nje ya fremu. Pissarro alichora kivuli bila mwenye kivuli. Picha hiyo ilipotundikwa kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi lao, akina Monet na Sisley, mwaka 1874, Louis Leroy wa gazeti la vichekesho la Le Charivari alimtungia mtazamaji mmoja aliyeona ni makwangulio ya ubao wa rangi yaliyopakazwa kwenye turubai chafu. Neno hilo la turubai, kwa bahati mbaya, lina mkasa wake kwake. Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 vilipoingia, Pissarro alikimbilia London, na wanajeshi wa Prussia wakaweka kambi nyumbani kwake Louveciennes. Inasimuliwa kwamba walizitandaza picha zake bustanini wakanyage juu ya tope. Akarudi akakuta chache tu zimesalia kati ya mamia. Kumbe hata turubai zake zilikuwa turubai kama hizi zetu za misibani.

Nasema haya kwa sababu watu wanaojua sanaa huwa wananitazama kwa huruma nikisema napenda nakala. Wanasema nakala ni kivuli. Sawa. Lakini hao wachoraji wenyewe walijifunza theluji kutoka kwenye nakala. Kuta za nyumba ya Monet kule Giverny zilijaa picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, na kwenye chapa hizo mchoraji Hiroshige alikuwa amekwisha kuonyesha, miaka ya 1830, jinsi theluji inavyoweza kuwa karatasi iliyoachwa tupu: kijiji cha Kanbara usiku, watu watatu wameinama, kimya. Picha zile zilichapwa kwa wingi, ziliuzwa rahisi, zilibandikwa na watu wa kawaida. Kwa ufupi, kalenda.

Shida yangu mimi ni nakala mbaya. Ya kwanza ya "La Pie" niliiagiza mtandaoni, duka fulani, tayari imo kwenye fremu. Ilipofika nikaifungua kwa kisu cha jikoni, nikakaa chini. Kwanza walikuwa wameikata iingie kwenye fremu yao ya kawaida ya 40 kwa 50, wakati picha yenyewe ni ndefu zaidi kwa upana, hivyo ndege alikuwa amebanwa ukingoni kama abiria wa daladala. Hilo ningevumilia. Kilichonitoa machozi ni kwamba walikuwa wameifua theluji. Mtu, au programu, aliona bluu kwenye kitu ambacho "kinapaswa" kuwa cheupe, akaamua ni kosa la kamera, akalisahihisha. Vivuli vyote vikawa kijivu. Miaka mia na hamsini baadaye, Salon imeikataa tena, safari hii kwa nia njema.

Tangu hapo nikinunua nakala ya picha ya baridi naangalia kivulini kwanza. Weupe wa penye jua ni rahisi, karatasi yenyewe ni nyeupe. Kivulini ndiko utakakojua kama mchapaji aliiona picha au alisoma jina lake tu. Pia nimejifunza kutofuata duka la picha zilizo tayari. Kazi za Monet, aliyefariki 1926, na za wenzake wote hawa, haki miliki yake imekwisha, na makumbusho kadhaa yanatoa picha kubwa za kazi zao bure. Metropolitan ya New York ilifungua hazina yake hivyo Februari 2017, na humo mna marundo ya nafaka ya Monet kwenye theluji na jua, ya 1891. Unapakua faili, unakwenda kwa mtu anayechapa kwa wino wa chembe za rangi juu ya karatasi ya pamba, unamwambia tafadhali usiguse chochote. Wino wa namna hiyo haukimbii jua haraka kama ule wa kalenda. Mimi nilimpata mzee mmoja Grenoble. Alichapa vipande vitatu vya majaribio, kila kimoja akikipeleka dirishani, kwenye taa hataki kukiangalia. Ikatoka sentimita 60 kwa 41, ndege na nafasi yake yote.

Nikaikunja kwenye bomba la kadibodi, nikasafiri nayo hadi Tanga. Fremu nilitaka itengenezwe nyumbani, Ngamiani, na aliyeitengeneza ni mtoto wa yule fundi wa zamani. Tulibishana nusu siku. Yeye alitaka kuigandisha picha kwa gundi kwenye hadibodi, kama kawaida. Nikakataa, gundi ikizeeka inatoa madoa na karatasi haitoki tena. Alitaka kioo kiilalie picha; nikamwomba aweke kwanza kartoni nyeupe iliyokatwa dirisha katikati, ili kioo kisigusane na karatasi, maana kwa unyevu wetu wa pwani kioo na picha vikishikana vinaota kuvu na kuoana. Hilo alilielewa upesi, akanionyesha picha za harusi tatu zilizoharibika hivyo. Fremu yenyewe nilichagua mbao nyeupe bila nakshi. Nilimweleza kwamba Pissarro mwenyewe, na mchoraji mwenzake Degas pia, walipenda fremu nyeupe, dhahabu ilikuwa mapenzi ya wauzaji na wanunuzi. Fundi akanitazama. "Kaka, mama yako ataitaka ya dhahabu."

Mama aliipokea amekaa, akaiweka magotini. Aliitazama muda mrefu bila kusema.

"Mbona haina dhahabu?"

Nikamweleza ya Pissarro. Hakuyajali.

"Na huyu ni kunguru."

"Ni wa ukoo wa kunguru, mama. Wa kule."

"Umetoka Ulaya, mwanangu, ukaniletea kunguru. Hapa hawaniachii hata sabuni." Kisha akapitisha kidole juu ya kioo, polepole, kufuata kivuli cha uzio kutoka kulia kwenda kushoto. "Lakini huyu mtu anajua kufua. Hapa ametia nili."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Miaka yote ile alikuwa akichovya kanzu za baba kwenye beseni la mwisho lenye nili, ile bluu ya kufulia, kwa sababu nguo nyeupe bila nili hugeuka njano. Nilikwenda kutazama. Rangi ya vile vipande vya nili vya zamani ni ultramarine ya kutengenezwa kiwandani, iliyogunduliwa Ufaransa miaka ya 1820, na ni miongoni mwa bluu zilizokuwa kwenye ubao wa rangi wa wachoraji wa kizazi cha Monet. Sikuwa na la kumfundisha tena kuhusu theluji.

Ikabaki swali la pa kuitundika. Nilikuwa nimechagua ukuta wa kaskazini, hakuna jua la moja kwa moja. Mama akaonyesha juu ya kabati la vyombo. Bi Baridi alikuwa bado pale, bluu karibu yote. Nikaeleza habari ya jua, ya wino, ya majenta inayokufa kwanza, nikasema hata wino mzuri una mwisho wake ukipigwa kila siku.

"Iache ipigwe," akasema. "Ile nayo ilipokuja ilikuwa ya kawaida tu."

Nikamshusha Bi Baridi. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba wa rangi ya zamani, ya krimu, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo rangi ya nyumba yetu. Msumari wa baba ulikuwepo, umeshika kutu lakini haujalegea. Picha mpya ni pana kuliko ile, ikaufunika mraba ubavuni na kuuacha ukichungulia juu na chini. Mama alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akielekeza.

"Kushoto kidogo. Kidogo tena. Umezidisha. Hapo."